Mulumba na Chisense Wenye Mchanga

Siku hizi kiongozi wa vijana hapa Nchelenge, ng'ambo ya ziwa kutoka Kongo, hukasirika kabla hajasalimiwa, lakini miaka ya sabini alikuwapo Mulumba, mchuuzi wa samaki kutoka Kongo.

Aliwafundisha vijana wa kanisa habari za Hilleli, mwalimu wa Wayahudi wa kale ambaye hakuna mtu aliyeweza kumkasirisha. Rodwell, mpiga ngoma wao, akawaambia wenzake, "Huyu Hilleli wetu nitamkasirisha mimi. Nikishindwa, namfuata. Nikishinda, ngoma inahamia kilabuni."

Asubuhi akaburuta mtumbwi juu ya chisense, dagaa wa ziwani, ambao Mulumba alikuwa ametoka kuwaanika. Moyo wa Mulumba ulichemka, naye akainama, akaokota samaki mmoja.

"Mutoto yangu, iko na mchanga. Leta maji tuoshe."

"Haukasirike, baba?"

"Nitakasirika tukimaliza. Leta maji!"

Vijana wakaangua kicheko, wakaosha samaki wote, Rodwell mbele.

Mara ya mwisho Mulumba kuwaona, boti ikimrudisha Kongo, walikuwa wamejipanga ufukweni wakiimba, na Rodwell, kiongozi wao mpya, akiipiga ngoma ya kanisa mpaka Kilwa, kisiwa cha katikati ya ziwa, ikasikia.