Mbuzi Niliowachelewesha Miaka Thelathini na Minane

Admin, jina langu usiliweke, maana huku kwetu watu wanasoma page yako kuliko Biblia. Mimi ni mzee wa miaka sitini na miwili, mkulima wa pande za Kanyangi. Najua vijana mtanicheka. Chekeni, lakini mmalize kusoma kwanza.

Nikiwa na miaka ishirini na minne nilipeleka mbuzi wa ntheo kwa kina msichana wangu, karibu na Tawa. Kwa asiyejua mila zetu, hao ni mbuzi watatu wa kwanza, na bila hao kwa Wakamba huna mke hata mkizaa watoto kumi. Mwaka huo kulikuwa na ukame. Baba yake alimshika beberu wangu mbavu mbele ya wazee, akasema, "Hii mbuzi ilikufa kitambo, ni vile haijaambiwa. Rudi nayo, kijana, mzikane huko." Wazee walicheka mpaka wengine wakatokwa na machozi. Msichana alinifuata hivyo hivyo, nguo zake zikiwa kwenye kiondo.

Tangu siku hiyo nilikuwa na kitu cha kuniamsha asubuhi. Nilichimba matuta, nikajenga nyumba ya mawe, nikafuga mbuzi weupe wa Galla, yote ili yule mzee aone. Mke wangu alinisihi, "Baba Mutua, peleka tu zile ziko. Dada zangu wananiita mgeni wa mtu." Nikamwambia bado hawajanona. Mama yake alipofariki, mke wangu alipiga magoti jikoni akaniomba tena. Nilimwambia nitaenda na mbuzi ambao baba yake atakosa la kusema. Akalia, nami nikatoka kwenda kulisha mbuzi. Hakuniomba tena, nikadhani ameelewa.

Mwezi uliopita nikawapeleka. Watatu, wakubwa, wa mwisho zizini mwangu, nimewaosha kwa sabuni, nami nimevaa suti. Mzee sasa amepita miaka tisini, mimi na mke wangu tulimkuta kwenye kiti cha plastiki nje ya nyumba, wazee wa ukoo wamemzunguka. Nikamwambia, "Baba, ni mimi. Sasa zishike mbavu."

Akanitazama. "Wewe ni nani? Sisi hatununui mbuzi leo."

Nikamkumbusha ukame, yule beberu, wazee walivyocheka. Akatabasamu kwa adabu tu, kama mtu anayengoja mgeni aende. Shemeji yangu mkubwa akasema si neno, yeye atapokea kwa niaba ya mzee.

Hapo mke wangu akasimama. "Usipokee," akamwambia. "Nikiwa msichana nilitaka hizi mbuzi mpaka nikakonda. Nikiwa na watoto wadogo nilitaka mtu wa kunisaidia. Saa hii niko na miaka hamsini na nane, nataka kulala tu bila kusikia habari ya mbuzi. Kwa mila, mimi bado ni msichana wa hapa. Nitabaki nimuangalie baba yangu." Kisha akanigeukia. "Baba Mutua, wewe uliishi na baba, si na mimi. Na hata hakukumbuki."

Wazee wakacheka tena. Si wale wa kwanza, wale walishakufa.

Nimerudi peke yangu. Nyumba ina vyumba vinne na hakuna wa kuniuliza kama nimekula. Watoto wetu wanasema mama yao amesema ukweli. Nilimpigia simu kuomba msamaha, akanijibu kwamba alishanisamehe zamani, akakata. Hilo liliniuma kuliko matusi. Jana shemeji alipiga, nikaruka nikidhani mke wangu amelegeza moyo. "Mzee anauliza," akasema, "yule muuza mbuzi atakuja kuzichukua lini? Zinamaliza mahindi."

Nikiwachukua, nimekubali kwamba sikuwahi kuwa na mke. Nikiwaacha, nitakuwa nimemlisha mtu asiyenijua. Nishaurini, na msiniambie niombe msamaha, nimeshaomba. Hasa ninyi wa umri wangu, niambieni ukweli: asubuhi mnaamkia nini? Mimi leo niliamka saa kumi na moja kama kawaida, nikavaa viatu, nikakumbuka zizi ni tupu, nikabaki nimekaa kitandani.