Sufuria ya Kumfukuza Kinda

Ilianza Ijumaa, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, katika shamba moja nje ya Doha ambako tulikuwa tukijitolea kulea korongo weupe. Ni ndege waliobaki wachache sana duniani. Hawa wetu walianguliwa kwenye mashine, hawana mama wa kuwaonyesha njia ya kuhama, kwa hiyo watu ndio wanaowafundisha. Mtu mmoja anapaa kwenye kiti chenye injini na parachuti, nao wanamfuata. Wakishazoea watapelekwa kaskazini, wakaungane na wenzao wa porini.

Sheria kubwa ni kwamba korongo asimjue binadamu. Ukiingia kwao unavaa joho jeupe lenye kofia inayofunika mpaka uso, mkononi una kichwa cha korongo cha plastiki cha kuwalishia, na huongei. Hata kikohozi unakimeza. Mimi, ambaye darasani nikiulizwa swali natazama viatu, niliona kazi hii nimeshonewa. Mle ndani kila mtu alikuwa kama mimi.

Nilikuwa na kinda wangu, mwenye mguu uliopinda kidogo. Nilimlea tangu hajajua kunywa maji. Kwenye kila mstari alikuwa wa mwisho. Nilimpenda kuliko watu wengi ninaowajua.

Asubuhi hiyo nilikuwa zamu na msichana wa shule yetu anayekaa mtaa wa Al Thumama, yule anayeniita Bubu mbele ya watu, na watu wanacheka. Anko, Mganda anayesimamia shamba, alikuwa nje akihangaika na injini. Basi huyo msichana akavua kofia, akatoa simu ajirekodi, akaanza kumwita kinda wangu.

"Kuja, baby, kuja kwa mama! Ona vile ananipenda, jamani!"

Akampa samaki kwa mkono mtupu. Kinda akaenda. Injini ilipowaka nje, wenzake wakageukia mlio. Kinda akabaki miguuni pa msichana, akimtazama usoni.

Nilitaka kupiga kelele, lakini kelele ingemharibu kinda zaidi, yeye na wengine wote. Nikamvuta tu yule msichana joho. Anko aliposogea, msichana alikuwa ameshavaa kofia yake. Tulipotoka, kinda alibaki akigonga mlango kwa mdomo, anataka kumfuata.

"Banange!" Anko akashangaa kwa lugha ya kwao. "Nani ameongea na huyu ndege?"

"Ni Bubu, Anko," akasema msichana, sauti tamu kama anaimba kwaya. "Nilimwambia anyamaze."

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Uso ukanichoma, machozi yakaja, na kwa Anko machozi yale yakawa ndiyo jibu.

"Nyabo, ndege akipenda watu hatuwezi kumwachia," akaniambia; kwao nyabo ni kama kusema dada. Hata hakukasirika, na hiyo iliuma zaidi. "Ataona mwenye bunduki, atashuka kumsalimia. Kesho nitamjaribu. Akimwendea mtu, atabaki kwenye kizimba maisha yake yote. Na wewe, joho weka chini. Utaosha ndoo."

Nikaosha ndoo. Yule msichana alipita, akaniinamia sikioni. "Pole, Bubu. Si ungejitetea?"

Kwenye basi la kurudi nilimfanyia mengi. Nilimtilia maji ya samaki kwenye shampuu. Nilimkata zile rasta anazorusharusha, moja moja, taratibu. Yote kichwani, lakini niliyafurahia yote.

Nyumbani kwetu, mtaa wa Najma, mama alikuwa ametoka zamu hospitali. Alinikuta nakwangua sufuria ya ugali.

"We, hiyo sufuria imekukosea nini?"

Nikamweleza. Akahema. "Mwachie Mungu."

"Mungu ana kazi nyingi, mama."

"Na wewe huna? Malizia na mwiko."

Hapo sufuria ikaniponyoka, ikapiga sinki kwa kishindo. Paka anayekuja dirishani kulishwa akaruka akapotea. Nilimwita, nikamwonyesha samaki, hakurudi. Nikasimama pale mikono ikichuruzika povu. Nilikumbuka maneno ya Anko ya siku ya kwanza: ndege hufundishwa kupenda joho, na kabla ya kuachiwa hufundishwa kuogopa uso.

Baada ya chakula nikafungua simu. Video ilikuwa kwenye status ya yule msichana, na kale kasauti kake kote. Alimzuia Anko asiione, sina shaka. Mimi alisahau kunizuia. Mtu asiyeongea huwa hahesabiwi.

Asubuhi, kabla mama hajaamka, nilitia sufuria na mwiko kwenye begi la shule. Shambani nikamshikisha Anko simu. Akatazama, akarudia.

"Aaa, nyabo! Na jana ulinyamaza?"

"Ndani hatuongei."

"Na nje?"

Nikatazama viatu.

"Huyu msichana namfukuza sasa hivi," akasema.

"Usimfukuze, Anko." Nikainua macho kutoka kwenye viatu. "Kinda ameshajua uso wake na sauti yake. Yeye ndiye amtishe."

Anko akacheka kwa pua.

Yule msichana alipoambiwa, rangi ilimtoka. "Anko, siwezi! Atanichukia!"

"Ndiyo kazi yenyewe."

Nikatoa sufuria na mwiko, nikamkabidhi. "Piga," nikamwambia. "Na umwite kama jana."

Nilivaa joho langu, nikaingia kwanza. Msichana alipotokea bila kofia, kinda alimkimbilia mbawa wazi. "Kuja, baby," akasema akilia, na akapiga sufuria kwa mwiko. Kinda alianguka kwa woga, akainuka, akachechemea moja kwa moja kwangu, akaingiza kichwa chini ya mkono wa joho. Alikuwa anatetemeka mwili mzima. Iliniuma. Nikaelekeza kile kichwa cha plastiki kwa yule msichana: tena. Akapiga tena, rasta zimemwanguka usoni, kamasi zinamtoka.

Injini ikawaka. Anko akafungua lango la pili, korongo wakatoka mbio nyuma ya kiti, na kinda wangu akawafuata, wa mwisho kama kawaida, bila kugeuka.

Boma lilibaki tupu, yule msichana na mimi tu. Alishusha sufuria, akanitazama.

Nikainua kichwa cha plastiki, nikamwelekezea: tena.