Binti Yangu Alifufua Watu Kila Jumanne

Nianze na hili ili tusisumbuane: mimi si mchawi. Ningekuwa mchawi nisingekuwa nauza data na kubandika vioo vya simu hapa Albert Park, ugenini kwa Wazulu, kwenye duka la mtu mwingine, miguu imevimba.

Kilichofufua watu ni mchezo wa simu, nao niliujua hapo hapo dukani. Wateja wakipungua unafungua simu, unaingia. Unachagua utakuwa nani, mpiganaji, mwindaji au mponyaji, unaungana na watu usiowajua na mnashuka pamoja kwenye mapango kupambana na madubwana. Ukiuawa hujaisha. Mponyaji wa kikosi chako akikuwahi anakuinua, mnaendelea. Ni hayo tu. Hakuna damu ya mbuzi.

Binti yangu ana miaka tisa. Nyumbani alikuwa anaongea mpaka unaomba Mungu akupe subira, lakini akivuka geti la shule, kimya. Alipoanza darasa la kwanza alisema neno moja la Kizulu kwa lafudhi ya kwetu Kongo. Darasa zima likacheka, wakamwita kwerekwere, tusi lao kwa wageni, na mwalimu naye akatabasamu. Lile tabasamu sijalisahau na sina mpango wa kulisahau. Tangu siku ile alijibu kwa kichwa tu. Mwaka huu shule ikaniita: asipoanza kuongea kabla ya Desemba, atahamishiwa shule ya watoto wenye matatizo. Nikawaambia mwenye matatizo si yeye. Wakanitazama kama mtu anayepiga kelele kanisani.

Ndipo nikaomba klabu ya mchezo pale shuleni. Niliona jinsi anavyousogelea ule mchezo nikiwa naucheza. Walimu hawakutaka kubaki baada ya masomo, mimi nilitaka, basi wakanipa chumba cha kompyuta kila Jumanne. Sheria yangu ilikuwa moja: hakuna kubonyeza kabla ya kusema. Kila mtoto aseme kwa sauti anataka kufanya nini, kikosi kisikie, ndipo afanye. Anayebonyeza kimyakimya anakaa nje.

"Eish, Ma, tutakufa huku tunaongea!"

"Kufeni," nikawaambia. "Lakini mfe mkiongea."

Wote walitaka upanga. Binti yangu akachukua uponyaji kwa sababu hakuna aliyeutaka, na mwanzoni alikuwa anakaa nje karibu kila mara. Mpaka Jumanne moja kapteni wao, msichana mrefu wa Kizulu mwenye sauti ya kondakta, akaanguka kwenye pango.

"Sheshisa, dada! Harakisha! Mimi nakufa, wewe unaangalia ukuta?"

Binti yangu akamjibu. Kwa Kizulu, kwa lafudhi ile ile: nakuja, usisogee. Akamwinua. Hakuna aliyecheka. Mtu aliyekufa hana muda wa kucheka lafudhi ya anayemfufua. Nikajifanya nakagua waya nyuma ya kompyuta ili wasinione uso.

Baada ya hapo akaongea. Darasani kidogo, uwanjani zaidi, na kapteni naye akajifunza uponyaji. Nikasema tumepona.

Sasa, kanisani kwetu, kwenye ukumbi ulio juu ya duka la matairi, Jumapili kuna kipindi cha ushuhuda. Ukipata kazi kwenye maghala ya Clairwood, unapanda mbele unashuhudia. Ukipata karatasi za kukaa nchini, unashuhudia, watu wanacheza mpaka sakafu inatetemeka. Watoto pia wanaruhusiwa. Binti yangu hakuwahi kupanda. Jumapili ile alinyoosha mkono mwenyewe, akapewa maikrofoni. Moyo wangu ulijaa.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Jumanne nilikufa chini ya ardhi. Rafiki yangu akaniita, nikaamka. Na mimi nimeshafufua watu wengi. Tunaenda kwa kikosi, tunapita ndani ya moto na hatuungui."

Hakuna aliyesema amina. Kwetu Kongo, mtoto anayesema anashuka chini ya ardhi na wenzake hachukuliwi kama anayesimulia mchezo. Watu wanaamini kuna watoto wanaouacha mwili kitandani na kwenda dunia ya pili kula nyama za watu.

Mama Pasta, mke wa mchungaji, alipiga goti mbele yake. "Mama yangu, nani amekufundisha hayo?"

Akajibu kwa furaha, kwenye maikrofoni: "Mama."

Tulivutwa nyuma ya pazia.

"Dada, huyu mtoto iko na kitu."

"Iko na mchezo, Mama Pasta. Wa kompyuta. Ngoja nikuonyeshe." Nikatoa simu.

"Usinifungulie hiyo!" Akarudi nyuma kama nimetoa nyoka. "Afunge siku tatu, tumwombee afunguliwe. Na wewe pia."

"Mtoto wa miaka tisa afunge?"

"Shetani haulizi miaka."

"Basi uliza wewe, wewe si shetani."

Hatukufunga. Watu wa kanisa wakaenda shuleni. Mababa wazima na suti zao, watu ambao sijawahi kuwaona kwenye kikao cha wazazi hata siku moja, siku hiyo walipata nafasi. Mkuu wa shule akaniita. Nikamwambia mtoto ameanza kuongea, muulizeni mwalimu wake. Akasema, "Mama, mambo yenu siyaelewi. Nyinyi wenyewe mnasema ni uchawi. Mimi nifanyeje?" Nyinyi. Klabu ikafa hapo.

Na habari ikafika uwanjani. Haitwi tena kwerekwere, anaitwa umthakathi, yaani mchawi kwa Kizulu chao. Yule kapteni bibi yake alimkataza kukaa naye. Wenyeji na wageni mji huu hawakubaliani juu ya kitu chochote, lakini juu ya mtoto wangu walikubaliana haraka sana.

Akarudi kujibu kwa kichwa. Safari hii hata nyumbani. Januari anahamishwa.

Jumamosi iliyopita Mama Pasta alikuja dukani, kioo cha simu yake kimepasuka. Binti yangu alikuwa kwenye kiti nyuma ya kaunta.

"Hujambo, mama?"

Mtoto akamwangalia, akashusha macho. Mama Pasta akanigeukia anameremeta.

"Unaona, dada? Tumekuwa tukiwaombea. Ametulia! Mungu ni mwema."

Nikamrudishia simu yake, nikamwambia tumefunga. Ilikuwa saa nne asubuhi, mlango uko wazi, wateja wawili wanasubiri nyuma yake, na duka si langu.

"Mmefunga vipi?"

"Tumefunga. Toka."