Kidole cha Mama

Siku zile za Wajerumani, mume wangu alipata kazi ya kupima damu katika hospitali ndogo pale Korogwe. Walimchukua kwa sababu alijua kusoma, macho yake yalikuwa mazuri na mkono wake haukutetemeka. Wakamfundisha kutandaza damu kwenye kioo, kuitia rangi na kuitazama kwa hadubini.

Kabla hatujamaliza mwaka katika ndoa, mama yangu aliteremka kutoka Kwashemshi kuja kutusalimu, akashikwa na homa nyumbani kwetu. Mume wangu alitaka kumpima, lakini kwetu mwanamume hamgusi mama mkwe wake, wala hakai naye chumba kimoja.

"Heri nife kuliko mkwe wangu anishike mkono," mama alisema.

Basi mume wangu akasimama nje ya dirisha, akanipitishia sindano na kioo. "Mfute kidole kwanza," akaniambia. "Mchome pembeni, kisha tandaza damu mara moja tu, usirudie."

Nilimchoma huku nikilia. Mama ndiye aliyenituliza. "Endelea, mwanangu. Sijaumia."

Mume wangu alikimbia na kile kioo hospitalini, akaviona vijidudu vya malaria, akarudi na dawa ya kwinini. Siku chache baadaye mama aliomba ugali.

Daktari aliuliza ni nani aliyetandaza damu vizuri vile. Alipoambiwa, akaniita. Tangu hapo wanawake walioona haya kushikwa na mwanamume niliwapima mimi, na baadaye mume wangu akanifundisha na kutumia hadubini.