Shuka la Bwana Mifugo

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, bwana mifugo aliyepanga chumba cha uani alitandua shuka jeupe la kitanda chake, akalikung'uta na kuondoka nalo begani. Mama mwenye nyumba alijichekea jikoni: mtu mzima, kazi yake kuburuta shuka kwenye majani! Vidole vyake vifupi vilinuka spiriti, na hata ng'ombe aliwaomba radhi kabla ya kuwachoma sindano. Siku ng'ombe wa pekee wa mama alipogoma kula, bwana mifugo alimtibu, kisha akatandaza shuka uani. Upande mmoja ulikuwa safi. Wa pili ulijaa kupe wadogo kama ufuta.

“Huu safi nimeuburuta mlimani, mama. Huu bondeni, nyati wanakokunywa maji. Kupe wanachukua ugonjwa kwa nyati, kisha wanamsubiri ng'ombe wako.”

“Na majani mabichi yote yako huko, baba!”

“Nyati nao wana macho, mama.”

Mama alicheka huku machozi yakimlengalenga, akaanza kumchungia ng'ombe wake mlimani. Ng'ombe alipopona, mama alilifua shuka lile kwa mikono yake.

“Likichafuka lilete nilifue.”

“Nitalileta, mama,” akasema bwana mifugo, akatoka getini, shuka begani, kwenda bonde jingine alikohamishiwa kikazi, wala hakurudi.