Saa ya Kuona Wagonjwa

Binti yangu alizaliwa mimba haijafika miezi saba, akawa hawezi kunyonya. Hospitali moja ya Nakuru ilinitoa wodini, yeye akabaki kwenye mashine ya joto, akilishwa maziwa yangu kwa mpira wa puani. Asubuhi niliporudi, askari alinizuia getini.

"Mathe, saa ya kuona wagonjwa bado."

"Sikuja kuona mgonjwa. Mimi ndiye chakula chake!"

Akacheka. Blauzi yangu ilikuwa imelowa kifuani. Nikatoa kikombe, nikafungua vifungo, nikaanza kukamua palepale mbele ya watu. Akafungua geti haraka, macho chini.

Mtoto alishiba. Leo anakimbia kwetu Molo, lakini nikiwakumbuka wakubwa wa hospitali waliompa askari amri ya kuzuia hata mama mzazi, damu bado inanichemka.