Bugi la Ghala la Mkonge

Efrazia Hiza aliteremka kutoka Kwashemshi kuja Magoma kukaa na shangazi yake, akiwa na sanduku moja na mikono isiyotulia. Alichora vibao vya hoteli, alishona, alisuka katani, na kila mtu aliyemchora alitoka amepinda kiuno. Hiyo ilitokana na bugi, dansi la mchana la santuri.

Siku hizo za Ujamaa, sketi fupi, nywele za bandia na muziki wa kizungu vilikuwa vinapigwa vita. Kwa hiyo vijana wa Magoma walikutana Jumamosi mchana katika ghala bovu la mkonge, wakafunga madirisha pawe giza, na Isihaka, fundi baiskeli, akapiga santuri zake. Efrazia ndiye aliyelipamba ghala. Alitoboa makopo ya samli kwa misumari, akaweka taa ndani, kuta zikajaa nyota. Alishona magunia yakawa pazia refu, akachora juu yake kwa chokaa, masizi na udongo mwekundu watu wanaocheza, magoti huku, mabega kule. Wigi alizitengeneza kwa katani. Ziliwasha vibaya mno, wachezaji wakawa wanajikuna kwa mdundo. Wageni walidhani ni mtindo mpya, wakaiga.

Jumamosi moja mlango ukasukumwa. Alikuwa Mzee Semboja, katibu wa tawi la chama. Isihaka alizima gramafoni, akaikalia kama kigoda.

"Kuna nini humu?"

"Shikamoo, mzee," alisema Efrazia, wigi ikimfika kiunoni. "Tuko kwenye mazoezi."

"Marahaba. Mazoezi ya nini?"

"Ya mchezo wa kilimo." Alionyesha pazia. "Wale pale wanalima."

"Mbona hawana majembe?"

"Sijayachora bado, mzee."

"Na hayo manywele?"

Efrazia alinyoosha mikono juu. "Mimi ndiye mkonge."

Mzee Semboja alilisogelea pazia, akakunjua uso. "Mmeniokoa! Saba Saba tunapata mgeni mkubwa kutoka Korogwe, na hatuna la kumwonyesha. Mtacheza ninyi."

Hapakuwa na pa kukimbilia. Efrazia alimchorea kila mtu wa kwenye pazia jembe, lakini viuno vilishapinda. Walionekana kama wakulima walioingiwa na siafu. Siku yenyewe alisimama katikati ya uwanja juani, katani ikimwasha shingoni, wenzake wakimzunguka na mapanga ya mbao. Isihaka alianza kupiga ngoma kwa adabu, kisha mikono ikamponyoka, akaingia kwenye mdundo wa ghalani. Mkonge ukaanza kuyumba. Wakataji wakaacha kukata.

Mgeni alimwinamia katibu. "Huku mnalima hivi?"

"Ni kilimo cha kisasa," alijibu Mzee Semboja, jasho likimtoka.

Mgeni alipiga makofi mpaka kofia ikamwanguka, akaagiza kikundi kizunguke hadi Handeni.

Basi Mzee Semboja akajitangaza mlezi wao. Alifungua madirisha yote ya ghala ili wapate hewa, akaweka kiti chake mbele. Nyota zikapotea, bugi likawa kama darasa.

"Afadhali tungekamatwa," Efrazia alimnong'oneza Isihaka, karibu alie.

Kisha Jumamosi moja mzee akakohoa. "Binti, lile goti linakunjwaje?"

Efrazia alimwonyesha. Mzee alirudi kwake akichechemea, na Jumamosi iliyofuata alikuja na mkewe, Mama Tatu, wa kumshikilia. Mama Tatu alivua viatu, akajifunga kanga kiunoni, akacheza hata vijana wakampisha.

"Umejifunzia wapi haya?" aliuliza mumewe.

"Wewe si huwa mikutanoni?" alijibu Mama Tatu, bila kusimama.